Lango Linalotaka Watu Wawili

Mafuta yalikuwa yameadimika nchi nzima, kwa hiyo Bahati alipolifikisha lori lake la maharage Muyinga kutoka Gitega, watu wa mtaa walimtazama kama mtu aliyetoka Hija. Yeye hakujali kutazamwa. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake Fatuma, akauliza kwanza kama shemeji yake yupo, akaambiwa yuko karakanani anagonga bati. Hapo ndipo alipotoa simu mfukoni na kuiweka juu ya mkeka.

"Hii imetoka kwa nani?" Fatuma akauliza.

"Usiniulize imetoka kwa nani. We unajua."

Fatuma, aliyekuwa ameunyoosha mkono, akaurudisha haraka, akaufunika kwa upande wa mtandio. Bila shaka alijua. Imetoka kwa Latifa, binti yake wa pekee, na Latifa ndiye mtu mmoja duniani ambaye Fatuma hakuruhusiwa kuongea naye.

Kiapo kilikuwa cha mumewe. Mustafa alikuwa fundi wa bati, mtengenezaji wa imbabura, majiko ya mkaa ambayo nusu ya Muyinga inapikia, na ulimi wake ulikuwa na kasi kuliko nyundo yake. Katika ndoa yao alikwishatoa talaka mara mbili, ya kwanza kwa sababu ya wali ulioungua, ya pili kwa sababu ambayo wote wawili walikuwa wameisahau. Mara zote mbili alimrejea kabla eda haijaisha, akiwa amebeba nyama na uso wa aibu. Iliyobaki ilikuwa moja, na hiyo haina marejeo.

Latifa alipoolewa na Elikana, kijana aliyekulia Tanzania katika kambi ya wakimbizi na kusilimu kwa hiari yake, Mustafa hakuwa na neno. Alimpenda kijana. Aliwajengea chumba nyuma ya nyumba, akakiezeka kwa mikono yake. Kisha Elikana akapata kazi ya uashi Gitega, huko wanakojenga kila siku, na vijana wale wakaogopa kumwambia mzee. Walimwambia Fatuma kwa simu, Fatuma akaificha siri, akisubiri siku ambayo mumewe ataamka na moyo mwepesi. Siku hiyo haikuja. Mustafa alitoka msikitini Ijumaa moja, jirani akampa pole kwa kuhamwa na binti, naye akajibu kana kwamba anajua, akaenda nyuma ya nyumba na kukuta chumba hakina hata kitanda.

Jioni ile alisema akiwa amesimama: "Fatuma, siku utaongea na Latifa, kwa mdomo wako, kwa telefone, ama kwa mutu wa kutuma, siku hiyo we hauna bwana."

Na akaenda kulala bila kula.

"Kwa hiyo irudishe," Fatuma akamwambia ndugu yake sasa. "We ni mutu wa kutuma."

"Mi sikuleta neno hata moja. Nimeleta telefone. Sikiliza, dada. Humu hakuna kuongea, hakuna kuandika, hakuna sauti ya mutu. Iko mchezo. Jeu ya watu wawili. Mmoja iko kule, mwingine iko hapa, wanatembea pamoja. Mikono tu."

"Mi na umri huu nicheze?"

"Bon, usicheze. Iangalie tu." Akaiwasha.

* * *

Fatuma alikuwa amejiandaa kuona upuuzi. Alichokiona kilimfanya aseme subhanallah kwa sauti ndogo, na Bahati akajifanya hakusikia. Ndani ya kioo kile kulikuwa na nchi. Kulikuwa na mlima wenye ukungu, na maji yanayoporomoka polepole, na majani yanayoinama upepo ukipita. Katikati ya nchi hiyo walisimama watu wawili wadogo waliovaa makoti marefu, mmoja mwekundu, mmoja wa kijani. Bahati akamwonyesha: kidole hiki kinamtembeza yule mwekundu, kidole hiki kinashika kitu, ukikiondoa, kitu kinaachiwa. Basi. Kisha akaondoka kwenda kupakua maharage, maana mwenye mzigo alikuwa ameanza kupiga kelele.

Fatuma akamtembeza mwekundu. Wa kijani akamfuata nyuma kidogo, upande wa kushoto. Wakafika penye lango kubwa la mawe, na pembeni ya lango palikuwa na gurudumu la chuma. Mwekundu alipolishika gurudumu, lango likapanda juu. Alipoliachia, likashuka. Hata mtoto angeelewa: mmoja ashike, mwenzake apite, kisha akifika upande wa pili atafute namna ya kumvuta aliyebaki.

Fatuma akashika. Lango likapanda. Wa kijani hakupita.

Alisubiri. Wa kijani alilisogelea lango, akarudi, akasimama kando ya mwekundu, akaweka mkono wake kwenye gurudumu lile lile. Fatuma akaelewa kwamba anaambiwa apite yeye. Akaondoa mkono, akamtembeza mwekundu mpaka chini ya lango, akageuka. Yule mdogo wa kijani alikuwa amebaki peke yake kule na gurudumu lake. Fatuma akarudi. Mama gani anapita akamwacha mtoto nyuma? Akashika tena gurudumu. Wa kijani akakataa tena, maana mtoto aliyefunzwa adabu hatangulii mbele ya mama yake, si mlangoni, si njiani, si kwenye sahani.

Wakakaa hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akimshikia mwenzake lango, na lango halina mtu wa kulipita. Waliotengeneza mchezo ule, popote walipo, nadhani hawakupata kuwaza kwamba kuna watu watakwama pale. Fatuma alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. Mpaka wakati ule alikuwa akijiambia kwamba yule wa kijani huenda ni mashine tu, au ni Bahati anamfanyia mzaha. Sasa alijua. Hakuna mwingine chini ya mbingu ambaye angegoma namna ile, ila yule aliyemlea kwa mkono wake mwenyewe.

Mwishowe mama alitumia ukali. Alimpeleka mwekundu nyuma ya wa kijani, akamsukuma kwa mwili, akamsukuma tena, mpaka huyo akafika kizingitini, kisha mwekundu akakimbia kwenye gurudumu. Wa kijani akapita.

* * *

Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya alasiri, wakati Mustafa yuko karakanani, Fatuma alifunga mlango wa chumba na kuingia katika nchi ile. Mega za intaneti zilikuwa zimewekwa na Latifa kutoka huko huko. Kuni zilisubiri, mboga zilisubiri, na mara moja maharage yaliungua kidogo, akayatia vitunguu vingi na Mustafa akayasifia.

Hakuwahi kujua kwamba vitu vinaweza kutengenezwa hivyo. Maisha yake yote kitu kilikuwa kitu: sufuria ni ya mtu mmoja kupikia, ufunguo ni wa mtu mmoja kufungulia. Huko ndani hakuna kitu kilichokubali mtu mmoja. Palikuwa na taa ambayo mwekundu aliibeba, na mbele yao korongo lisilo na daraja. Fatuma alipoinua taa, daraja likatokea, lakini pale tu mwanga ulipoangukia, na aliyebeba taa hakuweza kulikanyaga. Alimmulikia mwanawe hatua kwa hatua juu ya korongo lile, akijua kwamba akiiyumbisha taa mtoto ataanguka. Wa kijani alitembea bila kusita, bila hata kuangalia chini. Fatuma alipomwona amefika ng'ambo, aliweka simu chini. Alimaliza kusoma Kurani tangu akiwa binti, aliamini malaika asiowaona, lakini hakuwahi kuona kwa macho namna mtu anavyoweza kuwa njia ya mtu mwingine. Alihisi amekaribishwa mahali ambapo angepaswa kuvua viatu.

Halafu wakafika kwenye mizani.

Ilikuwa mizani kubwa kuliko nyumba, sahani mbili za shaba zinaning'inia kwa minyororo, na chini yake mitungi ya maji, mikubwa na midogo. Mwekundu apande sahani moja, wa kijani apande nyingine, waongeze mitungi mpaka zilingane, mlango ufunguke. Waliisawazisha bila taabu. Mlango ukafunguka. Lakini wa kijani hakwenda mlangoni. Aliushusha mtungi wake mmoja mdogo, mizani ikaenda upande, mlango ukafungwa. Akaurudisha. Mlango ukafunguka. Akaushusha tena.

"Unafanya nini, we mtoto?" Fatuma akanong'ona, kisha akajiziba mdomo kwa hofu ya kiapo.

Wa kijani akaubeba ule mtungi mdogo, akashuka nao, akaja nao mpaka kwa mwekundu. Hakuuweka chini. Alisimama ameukumbatia tumboni. Akazunguka nao polepole, akasimama tena ameukumbatia vile vile.

Fatuma akaelewa. Miaka ile yote ya ndoa ya Latifa walikuwa wakiomba jambo moja, na lile jambo sasa limesimama mbele yake ndani ya koti la kijani. Akampeleka mwekundu akasimama karibu kabisa, kiasi kwamba makoti yao yaligusana, akabaki hapo mpaka mega zikaisha na nchi yote ikazima.

Usiku Mustafa alimuuliza kwa nini anatabasamu peke yake. Akasema ni uchovu.

* * *

Kisha wa kijani akaacha kuja.

Siku ya kwanza Fatuma alisema ni umeme. Siku iliyofuata alisema ni mtandao. Wiki ilipozunguka hakuwa na la kusema. Mwekundu alisimama peke yake mbele ya mlango mwingine wenye vishikio viwili, na kila Fatuma alipokishika kimoja, kingine kilibaki kinaning'inia bure. Bahati alikuwa amekwama njiani, Gashoho, kwa kukosa mafuta, na hata angekuwepo, kumtuma akaulize kungekuwa kutuma mtu. Kumpigia Elikana ni kutuma mtu vilevile. Kiapo cha Mustafa, ingawa kilitoka kwa hasira, kilikuwa kimepangwa vizuri kuliko kazi yake yoyote ya bati.

Jioni moja alimwekea mumewe chakula, akamwacha anawe, kisha akaiweka simu kando ya sahani.

"Nilikuwa nakutana na Latifa humu," akasema. "Hatukuongea. Lakini tulikuwa pamoja. Sasa haji tena, na iko na mimba, na mi sijui kama mwanangu iko hai."

Mustafa aliitazama simu. Mkono wake uliokuwa umekata tonge ulibaki hewani.

"Kwa telefone?" akauliza.

"Kwa telefone."

"We unajua nilisema nini."

"Najua. Niko tayari kutoka hii nyumba. Lakini kwanza nijue mtoto iko aje."

Aliyasema kwa utulivu, na utulivu ule ulimtisha Mustafa kuliko kilio. Hakupaza sauti. Alimwambia amwonyeshe. Fatuma akawasha, na fundi wa bati akainama juu ya kioo, akaiona nchi, ukungu, na mtu mdogo mwekundu amesimama peke yake mlangoni. Akauliza kishikio cha pili ni cha nani. Akaambiwa ni cha Latifa. Hakula tena jioni ile. Akajaribu mwenyewe, kwa kidole chake kinene, kukishika kile kimoja, akakiachia, akakishika tena.

* * *

Asubuhi wakaenda wote wawili kwa shehe Waziri, ambaye pamoja na kufundisha chuo cha Kurani alikuwa na duka la vitenge karibu na soko. Mustafa alitarajia kumwita kando. Duka lilikuwa na wateja, na shehe hakuwa mtu wa kwenda kando.

"Mi ni shehe, Mustafa, sio fundi wa kulehemu," alisema baada ya kusikia. "Mnavunja na ulimi, alafu mnaniletea vipande. Hii ni ya ngapi?"

"Ya tatu," Mustafa akajibu. Mwanamke aliyekuwa akichagua kitenge akaacha kuchagua, akasikiliza wazi wazi.

"Hawakuongea?"

"Iko mchezo. Wanafungua milango."

Shehe akaiomba simu, akaitazama kwa makini, akaguswa na maji yale yanayoporomoka kama alivyoguswa kila mtu. "Ajabu hii," akasema. Kisha akairudisha. "Jina la kitu sio shida. Shida ni nia. Ulipoapa, ulikusudia nini moyoni? Kama ulikusudia huyu mama na mwanae wakatike kabisa, wasikutane kwa njia yoyote, basi wamekutana, na mkeo ameachika. Kama ulikusudia kitu kingine, sema. Na usiseme kwa sababu unamtaka. Sema kwa sababu ni kweli. Mi utanidanganya, lakini mi sio mwenye kuhukumu."

Fatuma aliushika mtandio wake kwa mikono miwili. Alimjua mumewe. Mustafa alikuwa mwepesi wa hasira, lakini hakuwahi kumsikia akisema uongo, hata wa kuuzia jiko lililopinda. Kama kweli yake ni ile ya kwanza, ataisema, na leo atatoka dukani humu akiwa mgeni kwa mtu aliyemzalia.

Mustafa aliukunjua ukingo wa kitenge kilichokuwa mbele yake, akaukunja tena, hadi wateja wakaanza kuona haya kwa niaba yake.

"Walijua wote," akasema mwishowe, akiangalia sakafu. "Mtaa wote ulijua. Mi nilipewa pole msikitini kama mgeni wa nyumba yangu. Walipanga kwa telefone, nyuma yangu, mi nagonga bati hapo hapo nje siku nzima. Mi nilikusudia hiyo. Wasiongee tena nyuma yangu. Kumpoteza mtoto sikukusudia. Nani anakusudia hivyo?"

"Nyuma yako," shehe akarudia.

"Nyuma yangu. Maneno."

"Basi kwa ninavyojua mimi, kwenye mchezo hakuna maneno, kwa hiyo mkeo hakuachika, na mbele yako sio nyuma yako. Waongee ukiwepo, ukisikia. Siku haupo, kiapo chako kiko pale pale." Akaanza kukunja kitenge. "Na we mwenyewe, Mustafa, ulijifunga?"

"Hapana."

"Alors, miezi yote hii nani alikuziba mdomo?"

Mwanamke wa kitenge alilipa na kuondoka bila kuuliza bei ipunguzwe.

* * *

Walipofika nyumbani hakuvua hata kofia. Alitoa simu yake mwenyewe, ile ndogo ya vitufe, akabonyeza namba ya Latifa bila kuitafuta. Fatuma hakujua kwamba anaijua kwa kichwa.

Aliyepokea ni Elikana. "Shikamoo, baba," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu asiyeamini.

"Marahaba. Latifa iko wapi?"

"Tuko hospitalini, baba, hapa Gitega. Shinikizo la damu lilimpanda, daktari akamlaza, hataki hata ainuke. Simu yake wameniambia niiweke mbali apumzike. Niliogopa kukupigia, nisamehe. Yeye kila siku analia, anasema mama amebaki peke yake mlangoni."

"Mtoto?"

"Bado yumo. Anacheza."

Mustafa alifumba macho. Fatuma, aliyekuwa amesogea mpaka bega lake likagusa bega la mumewe, alisikia kila neno.

"Mpe telefone," Mustafa akasema.

Kukawa na mchakacho wa shuka. Kisha sauti ndogo, kavu: "Papa?"

"Ni mi." Akakohoa. Akageuka kuangalia dirisha la nyuma. "Chumba chako kiko. Pale palikuwa panavuja nimetia bati mpya. Nilitia zamani. Sikuwaambia."

Upande wa pili kilisikika kilio tu, na Mustafa alikisikiliza chote bila kukikata. Kilipopungua, akaitoa simu sikioni na kumnyooshea mkewe.

Fatuma hakuipokea. Shehe ni mtu, na mtu hukosea. Kama amekosea, neno moja tu litamtoa katika nyumba hii, katika mkeka huu, kando ya mtu huyu mgomvi ambaye hakuwahi kumtamani mwingine badala yake. Alimtazama Mustafa usoni, akaona na yeye anaogopa jambo lile lile.

"Ongea," Mustafa akasema. "Mi niko hapa."

Fatuma akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na maneno ya miezi, ya kulaumu, ya kuomba radhi, ya maajabu waliyoyaona pamoja kule kwenye ukungu. Alipofungua kinywa likatoka moja.

"Mwanangu, umekula?"

Mustafa akavuta kigoda, akakaa mbele yao, mikono magotini, akasikiliza neno moja moja mpaka unite za simu zikaisha. Kisha akatoka kwenda kununua nyingine, na kutoka barabarani akamwita mkewe, akamwambia asianze kabla yeye hajarudi.